Usukani wa Kushoto

Gari la mume wangu lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, injini ya silinda nane, na usukani wake ulikuwa kushoto. Kwa asiyejua magari nitaeleza. Nchini kwetu magari hupita mkono wa kushoto, kwa hivyo dereva wa gari kama lile huketi upande wa ukingo wa barabara. Lori likiwa mbele yake, haoni kitu ila mgongo wa lori. Anayeona kama kuna kitu kinachokuja ni yule aliyeketi kulia, na tangu siku ya kwanza gari lile lilipoingia barabarani, aliyeketi kulia nilikuwa mimi.

"Pako wazi?" huniuliza.

"Ngoja. Kuna tuktuk. Haya, pita."

Tulizoea hivyo hata tukawa hatuyasikii tena maneno yenyewe. Kuna siku tulikuwa tumegombana kwa jambo la nyumbani, hatusemezani, lakini barabarani "ngoja" na "pita" ziliendelea kama kawaida, kisha tukifika tunanyamaza tena.

Alilipata Majengo, nyuma ya duka la makaa, chini ya turubai lililochakaa. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki na warithi walitaka uwanja wao. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Wakati huo mume wangu alikuwa fundi wa injini za tagi, zile meli ndogo zinazovuta meli kubwa, pale bandarini, na mimi nashona nguo nyumbani kwetu Kibokoni, nyumba ya juu katika kichochoro ambacho mkokoteni ukiingia mwingine hungoja. Gari halikuwa na njia ya kufika kwetu. Akalipeleka Ganjoni kwa dadake mkubwa, mwenye nyumba yenye ua wa nyuma na paa la mabati, na huko ndiko alikokuwa akipotelea kila alipokuwa hana zamu.

Sitasema kuwa nilifurahi. Nilikwenda Ganjoni mara ya kwanza kwa hasira, nikaone ninachoachiwa nyumba kwa ajili yake. Nikamkuta amelala chini ya chuma chenye kutu, miguu tu ndiyo inayoonekana. Akasema, bila kutoka, "Nipe spana hiyo ndogo." Nikampa. Mara ya pili nikashika msasa, nikasugua mlango mmoja mpaka chuma kikang'ara. Miaka ikaenda. Vipuri vililetwa na mabaharia aliojuana nao, kimoja kimoja, vingine havikuwa vyenyewe. Boneti ilinyooshwa kwa nyundo ya mpira. Viti nilivishona mimi kwa mashini yangu, kwa reksini nyeusi, na sindano nilizozivunja sikuzihesabu. Rangi tulichagua buluu ya kiza, na mistari miwili myeupe kutoka mbele hadi nyuma. Siku injini ilipowaka, watu wa ghorofa za jirani walitoka kwenye roshani zao kutazama, na wifi yangu akaja na sinia ya visheti kama kwamba kuna harusi.

Basi alipostaafu, lile gari ndilo lililokuwa kazi yake. Baada ya alasiri tunakwenda Ganjoni kwa miguu, analifunua, analipangusa, kisha tunazunguka: Mbaraki, Kizingo, tukipita Ngome ya Yesu, halafu turudi. Watu hugeuka. Yeye hujifanya hawaoni, lakini mimi nilimjua kwa shingo ilivyonyooka.

Dalili zilikuwepo, ila kila moja niliipa sababu yake. Alianza kugonga bega kwenye miimo ya milango. Nikasema nyumba yetu ya kale ina kiza. Akamimina kahawa nje ya kikombe. Nikasema mikono ya fundi imechoka. Akawa hawaamkii watu waliokuwa ubavuni mwake njiani, mpaka mzee mmoja wa msikitini kwetu akaja kuniuliza kwa upole kama wamekoseana neno. Nikamwambia mume wangu ana mawazo mengi tangu kustaafu. Na nilivyosema ndivyo nilivyoamini.

Kisha ikaja ile siku karibu na Ngome ya Yesu. Jua lilikuwa bado kali, wageni wanatoka ngomeni na wauza vinyago wanawafuata. Mimi nilikuwa natazama kulia kama ada yangu. Upande wa kushoto haukuwa wangu. Ulikuwa wake, ubavuni mwake, hakuna aliyehitaji kumwambia. Nikageuka kumweleza jambo dogo, sikumbuki ni lipi, na nyuma ya uso wake nikamwona mwanamke aliyembeba mtoto begani akiteremka kutoka kwenye ukingo, hatua mbili mbele ya gari. Mume wangu alikuwa anatazama mbele. Hakupunguza mwendo hata kidogo.

"Mtu!" nikapiga kelele.

Breki zilikamata. Gari liliinama, likasimama, na yule mwanamke akaweka kiganja chake juu ya boneti, kama mtu anayemzuia ng'ombe. Alimtazama mume wangu. Mume wangu hakumtazama. Kisha mwanamke akamhamishia mtoto bega la pili, akaenda zake.

"Nilimwona," mume wangu akasema.

"Alikuwa wapi?"

"Pale." Akaonyesha mahali ambapo mwanamke yule hakuwahi kusimama.

Tulirudi moja kwa moja Ganjoni.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa ulimi mtamu, nikidai ni mimi ninayetaka miwani na sitaki kwenda peke yangu. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alimpima kwa mashini moja, akampima kwa nyingine, akamwambia atazame nukta na abonyeze kitufe kila aonapo mwanga pembeni. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Mianga ilikuwa inawaka na kuzimika kwenye kile kioo, kushoto, kulia, juu, na kidole chake kimetulia tu juu ya kitufe, kinangoja.

Ni presha ya macho, daktari alisema. Imekuwepo kwa miaka, haiumi, na kilichokwisha kupotea hakirudi. "Amebaki na katikati," alinieleza. "Ni kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Na mwenyewe hahisi kwamba pembeni hapana kitu. Matone haya yatasaidia kukilinda kilichobaki."

"Na gari?" nikauliza.

"Asiendeshe."

Mume wangu alikuwa anajipangusa machozi ya dawa. Kwenye ngazi, tulipokuwa tukishuka, aliniambia, "Neno hili likae baina yetu. Asilijue hata dada."

Nikakubali. Nilidhani anaomba muda wa kulizoea, kisha ataacha mwenyewe. Lakini siku ya tatu baada ya alasiri alivaa viatu. "Nakwenda kulizungusha kidogo, lisilale," alisema.

Hapo ndipo nilipojikuta nimenaswa. Nikikataa kwenda naye, atakwenda peke yake, bila jicho la kulia wala la kushoto. Nikienda naye, ninamsaidia kufanya alilokatazwa. Nikaenda. Nikaenda siku hiyo, na siku nyingine, na nyingine. Matembezi yaliyokuwa raha yetu yakawa ni jambo la kuliogopa tangu asubuhi. Nikishona, sindano inapita kombo.

Garini nilikuwa sinyamazi. "Kushoto mkokoteni. Kulia bodaboda, wawili. Mbele taa nyekundu. Mtoto, mtoto, ameshikwa mkono, haya."

"Najua," alikuwa akijibu kila mara. "Najua."

Na ajabu ni kwamba aliendesha vizuri. Mikono yake ilijua kila kitu. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku.

Siku moja tumeketi barazani juu, nikamwambia, "Bwana, tuache. Tushukuru hatujamuumiza mtu."

"Bandarini wamekwisha kunistaafisha," akasema. "Na wewe pia?"

Nilikwenda jikoni nikakoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

Kulikuwa na bwana mmoja wa bara aliyekuwa wakala wa forodha bandarini, mtu wa makamo, mwenye mapenzi ya magari ya zamani. Aliwahi kutusimamisha Kizingo, akalizunguka gari letu taratibu mikono nyuma, akasema tukitaka kuliuza siku yoyote tumwite yeye kwanza. Mume wangu alimcheka. Mimi niliiweka namba yake kwenye simu, kwa adabu tu, kwa kuwa aliniamkia vizuri. Baada ya jibu lile la barazani nilikaa na ile namba siku kadhaa. Kisha nikapiga.

Sikumficha mume wangu. Tulikuwa tunakula, wali na samaki wa kupaka. "Nimempigia yule bwana anayetaka gari," nikasema. "Anakuja Jumamosi."

Aliendelea kuchambua miiba kwa vidole. Alikuwa ameshaanza kula hivyo, kwa kupapasa. "Na gari lauzwa na nani?"

"Na sisi."

"Mimi sijauza kitu."

"Basi niambie nani ataliendesha."

Aliinuka, akanawa, akashuka ngazi mkono mmoja ukutani. Kuanzia hapo alinisemesha yale tu yasiyoepukika. Salamu alitoa, chai aliitikia, na mlango aliomba ufungwe. Ila hakwenda Ganjoni siku zile, wala hakulitaja gari. Kimya chake kilinitia hofu kuliko ugomvi, kwa sababu sikujua kinapika nini.

Jumamosi asubuhi alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, akatangulia bila kuningoja. Nilipofika nikamkuta amepiga goti mbele ya gari anasugua bampa. Wifi yangu alisimama mlangoni, ameshika kiuno. "Kuna nini leo, wifi?" akaniuliza. "Ndugu yangu hata chai hakunywa." Nikamwambia anakuja mtu kulitazama gari. Akaniangalia kwa muda. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufa, na tangu nilipoolewa nimejua kuwa macho yake hayapitwi na jambo.

Mnunuzi alikuja kwa tuktuk, amevaa shati jeupe la mikono mifupi. "Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama." Alimwamkia na wifi yangu vilevile. Boneti ilipofunguliwa alinyamaza kimya, na mume wangu, aliyekuwa amekaza uso, akaanza kulegea kwa kile kimya. Aliulizwa juu ya kabureta, akaeleza. Aliulizwa pampu ya maji ilitoka wapi, akaeleza na hilo, na kila alichokitaja alikigusa moja kwa moja bila kutafuta. Mtu asingedhani.

"Na viti?" mgeni aliuliza.

"Mimi," nikasema.

Alipitisha kidole kwenye mshono. "Hongera, mama. Hii ni kazi." Kisha akamgeukia mume wangu. "Mzee, naweza kulisikia barabarani? Endesha wewe kwanza. Mimi nisikilize."

Mume wangu alikuwa amekwisha kushika funguo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja lingetosha. Lakini mgeni alikuwa pale anatabasamu, na wifi yangu pale na sinia ya maji ya ukwaju, na mume wangu ndani ya kanzu yake nyeupe. Kwetu, kumvunjia mtu heshima mbele ya mgeni ni jambo lisilosahaulika upesi, na kumvunjia mbele ya aliyemlea ni zaidi. Nikajaribu kupita kando. "Si afadhali bwana aendeshe mwenyewe? Yeye ndiye anunuaye."

"Panda," mume wangu aliniambia.

Gari lina milango miwili tu. Mgeni alikikunja kiti cha mbele kwa adabu ili nipite nyuma, akakirudisha, akaketi. Aliketi mahali pangu.

Kukaa nyuma kwenye gari lile sikuwa nimekuzoea. Dirisha la ubavuni ni dogo kama la choo, na mbele yangu kulikuwa na kisogo cha mgeni na mgongo wa kiti nilioushona mwenyewe. Tulitoka langoni. Nikasogea, nikachomoza kichwa katikati ya viti viwili.

"Kushoto watoto," nikasema. "Mbele tuktuk imesimama."

Mgeni akacheka. "Kumbe dereva ni mama."

"Usukani uko kushoto," nikamjibu. "Lazima mtu amsaidie." Sauti yangu mwenyewe niliisikia inatoka juu, kama ya mtu mwingine. Mume wangu hakusema "najua." Aliingiza gia ya pili, ya tatu, na injini ikatoa ule mngurumo wake mnene, mgeni akafumba macho kuusikiliza.

Tukashika njia ya Mbaraki, ambako matrela yanayotoka bandarini huegesha pembeni na kula nusu ya barabara. Nilikuwa nimejishika kwenye viti vyote viwili, vidole vimekufa ganzi. Trela moja lilikuwa limesimama mbele yetu, refu, limebeba kontena. Kulipita ni lazima uingie upande wa wanaokuja.

"Pako wazi?" mume wangu aliuliza.

Mgeni alikuwa ameinamia dashibodi, anasoma mshale wa mafuta. Hakujua kama swali ni lake. Mimi niliinuka nilivyoweza. Nikaona bega la mgeni, kioo cha pembeni, ukuta wa kontena.

"Bibi. Pako wazi?"

Gari lilikuwa limekwisha kuanza kuelekea kulia, polepole. Nikasikia honi. Sikujua inatoka mbele au nyuma.

"Sioni," nikasema. "Sioni kitu. Simama."

Alikanyaga breki. Basi dogo likapita upande wa mgeni, karibu mno, upepo wake ukalitikisa gari zima, na mtu mlangoni mwake akatutupia tusi lililokatika njiani. Mgeni alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili. Pua ya gari letu ilikuwa imechomoza barabarani kiasi cha dhiraa moja, si zaidi.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikakitazama kisogo cha mume wangu, nikangoja aseme kwamba aliliona.

"Nami sioni," alisema. "Kwa muda sasa. Pembeni hakuna kitu."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyoeleza habari ya kabureta. Mgeni alimtazama yeye, kisha akanigeukia mimi, na usoni mwangu nadhani alisoma yaliyobaki. Mtu mwingine angefoka, na angekuwa na haki. Yeye alifungua mlango, akasimama barabarani akainua mkono kuyazuia magari, akazunguka mpaka upande wa kushoto.

"Mzee," alisema, "nipishe, tafadhali."

Mume wangu alishuka. Alizunguka mbele ya gari mkono ukiwa juu ya boneti, hatua kwa hatua, na magari yaliyokuwa yamezuiwa yanapiga honi. Hakuharakisha. Aliketi kiti cha kulia, akavuta kanzu ndani, akafunga mlango.

Tukarudi. Alimwambia mgeni kwamba klachi inashika juu, asiikanyage mpaka chini, na mgeni akafuata. Tulipofika njia panda ya kuingilia Ganjoni, mgeni, kama dereva yeyote wa gari lile, akauliza bila kufikiri, "Mzee, kulia kuko wazi?"

Mume wangu aligeuza kichwa kulia. Akageuza zaidi. Midomo ikafunguka. Nikateremsha haraka kile kidirisha cha nyuma, nikatoa uso nje, nikasema, "Pita." Nadhani hilo lilimchoma kuliko hata kukiri kwenyewe.

Uani, wifi yangu alipomwona ndugu yake akishuka upande wa kulia, aliweka sinia chini. Mume wangu akamweleza mwenyewe, kwa maneno machache, na daktari alivyosema. Wifi yangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulipanda naye."

"Ningemwacha aende peke yake?"

Mgeni akaona si mahali pake. Akasema atarudi siku nyingine, hakuna haraka. "Kaa," mume wangu alimwambia. "Kunywa maji."

Basi mgeni akaketi kwenye kizingiti na bilauri yake, nasi watatu tukasimama kulizunguka gari. Wifi yangu ndiye aliyeanza. "La kuuza liko wapi hapa? Ndugu yangu hataendesha, basi. Gari likae. Haliombi chakula."

Na mimi, niliyemwita mnunuzi kwa simu yangu, nikajikuta nakubaliana naye. Kumbe nilichokuwa nikikikimbia ni ule uongo, na sasa ulikuwa umekwisha kusemwa barabarani. Gari lenyewe lilikuwa pale, buluu, injini yake inatoa vile vilio vidogo vya chuma kinachopoa. Mlango wa kulia niliusugua kwa mikono hii. "Tutatafuta dereva," nikasema. "Mara moja kwa wiki, atuzungushe."

"Anibebe kama gunia?" mume wangu alisema. "Hapana. Na kulikalisha pia hapana. Gari lisilotembea laoza kuanzia ndani. Mipira yakauka, mabomba yaziba, breki zakwama. Mimi nililitoa kwa kuku. Silirudishi kwa kuku."

"Utakuwa walitazama," dadake alisema.

"Hata kulitazama siwezi, dada. Naliona kipande kipande. Nikiona taa sioni mlango."

Kisha akaelekea mahali nilipokuwa, akakosea kidogo, akasimama akilitazama bega langu. "Nusu ya kazi hii ni yako," aliniambia. "Mgeni umemwita wewe. Sema wewe."

Nilikasirika. Nilihisi ananitwisha mzigo ili kesho aseme si yeye. Nikamwacha pale, nikafungua mlango wa kushoto, nikaketi penye usukani, mahali ambapo sikuwahi kuketi miaka yote ile. Usukani ulikuwa bado na joto la mikono ya mgeni. Nikafikiri. Leo amekiri, nikajiambia, kwa sababu basi lilitupita upande wa mgeni nusura lituchukue. Lakini nilimjua mume wangu vile ninavyojua chumvi ya mchuzi wangu. Funguo zikibaki Ganjoni, itafika siku nimekwenda Marikiti kununua vitambaa, jua zuri, njia haina watu, naye atasema nalizungusha kidogo tu, lisilale. Na atakuwa amekwisha kujisadikisha kwamba anaona. Nikamkumbuka mwanamke wa ngomeni na mtoto wake begani, nikashuka.

"Liuzwe," nikasema.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Wifi yangu akaingia ndani. Bei walipatana haraka, wala sitaitaja. Mgeni hakuvutana, na mume wangu hakuwa na moyo wa kuvutana.

Siku gari lilipochukuliwa mume wangu hakuja Ganjoni. Alisema ana haja msikitini. Mnunuzi alilitoa taratibu langoni, akaniaga kwa mkono, na mngurumo wake tukausikia mpaka njia panda. Wifi yangu alilia. Mimi machozi hayakuja. Nilichukua fagio nikafagia mahali lilipokuwa likisimama, doa la mafuta likakataa kutoka.

Ningependa kusema kuwa baada ya hapo nyumba ilipata amani. Haikupata. Mume wangu alikuwa mgumu kwa miezi. Matone yake aliyasahau kwa makusudi. Ganjoni alikataa kukanyaga, hata dadake alipougua homa nilikwenda mimi. Jioni moja akanitupia maneno: "Ulimwita mtu nyumbani kwangu bila kuniuliza."

"Nilimwita," nikasema. "Na ingekuwa leo ningemwita tena."

Kesho yake alikuja jikoni kuomba chai, akakaa huko huko kuinywa, jambo alilokuwa hajalifanya siku nyingi.

Kisha mnunuzi akapiga simu. Alikuwa amelipeleka gari kwao bara, na huko asubuhi kuna baridi. Haliwaki vizuri, linakohoa na kuzimika. Aliogopa kumgusisha fundi asiyelijua. Mume wangu aliichukua simu kwa mashaka, kama kitu cha mtu mwingine. "Liwashe nisikie," alisema. Akasikiliza, ameinamisha kichwa. "Hebu tena." Halafu akaanza kumweleza, skrubu ipi, izungushwe upande gani, asikaze, angoje, asikilize. Mazungumzo yale yalimaliza chai mbili. Sasa yule bwana hupiga mara kwa mara, wakati mwingine gari lina tatizo na wakati mwingine, nadhani, halina.

Wiki iliyopita, baada ya simu kama hiyo, nilimuuliza mume wangu kama anajuta kuliuza. Nilikuwa nimeshika kichupa cha dawa, nimesimama nyuma ya kiti chake.

"Kila siku," alisema, akalaza kichwa nyuma nimtie matone.